Mto Ukijaa, Ghala Liko Tupu

Ugumu wa kuweka akiba ya dharura Lumemo, mjini Ifakara, huonekana kwenye kalenda kabla haujaonekana kwenye pochi ya mtu. Mpunga wa bonde la Kilombero huvunwa kwa wingi kati ya Mei na Julai. Miezi hiyo magunia yamejaa ukumbini, mashine za kukoboa za Ifakara zinanguruma mchana kutwa, na malori ya wanunuzi yanasubiri zamu. Ikifika Januari, kaya nyingi zilizouza gunia moja moja zinarudi dukani kununua mchele kwa kilo, na wengine kwa nusu kilo. Machi na Aprili, mvua zikiwa zimekolea, pesa ya mauzo imeshaishia kwenye ada, vibarua wa palizi na deni la mbolea. Mpunga mpya bado uko shambani, haujaiva. Na ndiyo miezi ambayo Mto Lumemo huvunja kingo zake.

Kwa hiyo njaa na maji havikutani kwa bahati mbaya. Vina ahadi ya kila mwaka, na tofauti ni ukubwa wa maji tu. Mwaka wa mvua za wastani, familia inabana tumbo mpaka mavuno. Mwaka kama 2024, inabana tumbo ikiwa juu ya madawati ya shule ilikokimbilia maji.

Msimu ule nchi nzima iliona. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimeua watu 155, kujeruhi 236, na kuathiri zaidi ya kaya 51,000 zenye watu zaidi ya 200,000. Siku chache baadaye, Mei 4, Kimbunga Hidaya kikafika pwani. Bonde la Kilombero lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia. Ifakara mjini maji yaliingia mitaani, watu wakabeba magodoro kichwani, na mpunga uliokuwa umebaki majumbani ukaloa. Mpunga ukishaloa hauchukui muda: unavunda, unaanza kuota ndani ya gunia, na harufu yake huijua kila mtu aliyelelewa bondeni.

Nimesoma orodha nyingi za akiba ya dharura zilizoandikwa kwa ajili ya nchi zenye maduka makubwa. Zinashauri maharage ya kopo, katoni za maji, jenereta, blanketi za karatasi ya fedha. Kwa mtu anayenunua mafuta ya kula ya kupima, orodha hiyo ni mzaha. Kaya ya kipato kidogo haina uwezo wa kununua kitu kikae bure mwaka mzima kikisubiri balaa. Kila kitu ndani ya nyumba lazima kifanye kazi leo, na kama kitasaidia siku ya maji, basi kisaidie kwa sababu kilikuwa tayari kinatumika. Naanzia hapo.

Maji ya namna mbili

Lumemo ni mto wa mlimani. Unashuka kutoka Udzungwa, milima ambayo sehemu yake tangu 1992 ni Hifadhi ya Taifa, na safari yake hadi Ifakara ni fupi yenye mteremko mkali. Mvua kubwa ikipiga usiku kule juu, mto unaweza kufika mitaani alfajiri hata kama mjini hakujadondoka tone. Mto Kilombero wenyewe una tabia nyingine. Unakusanya vijito vya Udzungwa upande mmoja na vya nyanda za Mahenge upande wa pili, kisha unatandaa juu ya uwanda ambao mwaka 2002 uliingizwa kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani, karibu kilomita za mraba 8,000. Zaidi ya nusu ya maji yote ya Rufiji hutoka humu. Mto mkubwa hivyo haukurupuki. Unapanda kwa siku na wiki, na unashuka kwa mwendo uleule.

Mama anayeishi kati ya mito hiyo miwili anahitaji akiba mbili. Lumemo unampa saa chache, pengine pungufu. Kitu asichoweza kukibeba kwa mkono mmoja huku wa pili umemshika mtoto, akihesabu hakipo. Kilombero unampa muda wa kubeba, lakini unamnyima njia ya kurudi. Kwa hiyo iwepo akiba ya kubebwa na iwepo akiba ya kupandishwa juu. Wanaochanganya mbili hizi huishia kuhangaika na gunia mlangoni wakati kadi ya kliniki inaelea uvunguni.

Nianze na ya kupandishwa, maana ndiyo ambayo wenyeji wana elimu yake tayari. Mkulima wa bondeni anapohamia shamba kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, hujenga dungu: kibanda juu ya nguzo, ngazi ya miti, sakafu ya mianzi. Analala juu ya maji bila wasiwasi. Huyohuyo akirudi nyumbani kwake Lumemo au Viwanja Sitini, analaza magunia yake sakafuni, kwa sababu nyumba ni ya tofali na sakafu ina saruji. Saruji haizuii maji kuingia mlangoni. Kichanja cha miti kilichofungwa kwenye nguzo za paa hugharimu jasho la siku moja na kamba. Urefu wake si wa kubuni: tafuta kwenye ukuta wa nyumba au wa jirani alama iliyoachwa na mafuriko yaliyopita, kisha uende juu yake kwa kiasi cha mkono mzima.

Ushauri huu una mpaka. Nyumba ya tofali mbichi za udongo haipandishiwi kitu. Maji yakikaa siku mbili kuta zinalainika chini na paa linakuja na kila kilichokuwa juu yake. Mwenye nyumba ya namna hiyo akiba yake ikae kwa ndugu au rafiki aliye mwinuko, na mazungumzo hayo yafanyike Agosti, si usiku wa Aprili.

Gunia lina maadui wengi

Tatizo la chakula cha akiba Kilombero halijawahi kuwa kukosa chakula. Bonde hili linalisha Dar es Salaam. Tatizo ni kwamba gunia la mpunga ni chakula na ni pesa kwa wakati mmoja, na pesa ina wito mwingi. Mtoto ameitwa shule ya bweni. Kuna msiba Mlimba. Baba ana deni la mtu aliyemkopesha msimu wa kupanda kwa makubaliano ya kulipwa mpunga, na bei ilikwisha kukatwa mpunga ukiwa bado maua. Mkopeshaji haji Aprili kuuliza mtakula nini, anakuja Juni na lori.

Kwa hiyo kusema tu "tenga magunia mawili usiyaguse" ni kuhubiri. Magunia mawili yanayoonekana yatauzwa. Katika nyumba nyingi yatauzwa na baba, mama akiwa na hoja nzuri za kukataa lakini bila sauti ya mwisho. Dawa ninayoiamini ni ndogo na ya polepole, nayo iko mikononi mwa anayepika.

Kabla mchele haujaingia chunguni, toa konzi moja uirudishe kwenye ndoo yenye mfuniko. Konzi ya mtu mzima ni karibu gramu 40. Kwa milo miwili ni gramu 80 kwa siku, kiasi ambacho hakuna atakayekishtukia sahani ikipakuliwa. Ukianza Julai na kumaliza mwishoni mwa Februari, ni siku kama 240, na ndoo zimekusanya kilo 19. Sensa ya 2022 ilionyesha kaya ya Tanzania ina wastani wa watu 4.3. Tuseme watano, kwa maana bondeni hapakosekani mpwa. Wakila kilo mbili za mchele kwa siku, kilo 19 ni siku tisa na ushei. Siku tisa ni muda wa kutosha kwa barabara kufunguka au msaada kufika.

Hili si jambo la kufikirika. Huko Mizoram, kaskazini mashariki mwa India, wanawake wa kanisa la Presbiteri wamekuwa wakitenga konzi ya mchele kila wanapopika tangu 1910, na kwa konzi hizo wameendesha shughuli za kanisa kwa zaidi ya karne. Hawakuwa matajiri. Walichokuwa nacho ni mlo wa kila siku na mkono usiosahau.

Mchele wa konzi hauna bei ya gunia. Hakuna mnunuzi anayekuja kuulizia ndoo ya jikoni. Huo, kwa maoni yangu, ni ubora wake wa kwanza, kuliko hata wingi wake.

Ila mchele uliokobolewa huvamiwa na fukusi upesi kuliko mpunga wenye maganda. Ndoo ikijaa, anika mchele kwenye jua kali kwa siku moja, uache upoe, kisha ujaze kwenye dumu kavu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula na kuoshwa vizuri. Jaza mpaka shingoni, funga kifuniko, zungushia nta ya mshumaa. Wadudu waliomo watatumia hewa iliyobaki na kufa. Ndiyo kanuni ileile ya mifuko ya tabaka tatu ya kuhifadhia nafaka inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo, ambayo chimbuko lake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani na wakulima wa kunde wa Kameruni. Mwenye uwezo wa kununua mfuko anunue, asiye nao ana dumu. Na dumu lina faida ambayo mfuko hauna: lita 20 za mchele zina uzito wa kilo 16 hivi, kwa hiyo dumu lililofungwa barabara huelea. Mwenye kamba ataufunga mzigo wake kwenye nguzo na kuukuta pale pale maji yakishuka.

Je, mpunga wenyewe usiwekwe kabisa? Uwekwe, kwa anayeweza, kwa sababu ukiwa na maganda unakaa mwaka bila matatizo. Debe moja likikobolewa hutoa kama kilo saba za mchele. Lakini kumbuka kwamba mafuriko hukata umeme, na mpunga bila mashine maana yake ni kinu na mchi, na wanawake wa kutwanga wakiwa tayari wamechoka. Mchele uwe wa siku za mwanzo, mpunga wa wiki zinazofuata. Na saa zile za kwanza, watu wakiwa darasani au juu ya tuta bila jiko wala sufuria, hakuna kinachoishinda pepeta. Mpunga mchanga uliokaangwa na kutwangwa ukawa bapa hauhitaji moto tena. Mtoto anatafuna mkavu, au analowekewa kwenye maji yenye sukari. Vijana wanaiona chakula cha bibi. Bibi alikuwa na sababu.

Wanaonunua kila kitu, wasio na shamba, wapo wengi pia, hasa wapangaji wa Kibaoni na Lipangalala. Kwao konzi inaweza kutoka kwenye chenga, ule mchele uliovunjika mashinani ambao bei yake iko chini ya mchele mzima. Tumbo halitofautishi.

Moto na maji

Kitu kinachosahaulika kuliko vyote ni nishati ya kupikia. Nimewahi kuona watu wenye mchele wa kutosha wakilala njaa kwa sababu kuni zote zililoa na mkaa uliyeyuka kuwa tope jeusi. Kiroba kimoja cha mkaa kwenye kichanja, juu kabisa, pamoja na jiko dogo la bati, kina thamani ya magunia. Viberiti vikae ndani ya chupa ya plastiki yenye kifuniko. Hapo pia uchaguzi wa mboga unabadilika: maharage makavu ni mazuri lakini yanakula mkaa kwa saa mbili. Choroko zinaiva upesi zaidi, na dagaa upesi kuliko zote. Mchele ukiloweshwa nusu saa kabla ya kupikwa, ukafunikwa na kuondolewa motoni mapema umalizie kwa mvuke wake ndani ya blanketi, mkaa unapungua. Kina mama wanajua haya yote. Wanaonunua vyakula vya msaada ndio wasiojua, wakileta maharage yasiyo na kuni.

Kuhusu maji ya kunywa, Ifakara ina ushahidi wake. Juni 1997 kipindupindu kiliingia mjini, na watafiti wakalinganisha waliougua na wasiougua. Mambo matatu yalijitokeza kuongeza hatari: kuoga mtoni, kuishi mbali na chanzo cha maji, na kula samaki wakavu. Vimelea vya ugonjwa huo vilikutwa katika chanzo kikuu cha maji cha mji wakati ule. Hilo la samaki wakavu linanihusu mimi kama mwandishi wa makala hii, kwa sababu kambale na perege wa kukaushwa ndio ningewaweka wa kwanza kwenye akiba ya kitoweo. Bado ningewaweka. Ila wachemshwe mpaka waive upya, waliwe wakiwa moto, na wasiguswe tena kwa mikono iliyotoka kuchota maji ya mafuriko. Kutafuna mkavu mkavu kwa kubahatisha, hapana.

Viwango vya kimataifa vya misaada vinasema mtu anahitaji lita 15 za maji kwa siku kwa matumizi yote, na kati ya hizo lita mbili na nusu hadi tatu ni za kunywa. Kaya ya watano kwa siku tatu za kunywa tu ni madumu mawili na zaidi kidogo ya lita 20. Madumu yapo kila nyumba. Kinachokosekana ni tabia ya kuyajaza anga linapokuwa jeusi upande wa Udzungwa, badala ya kusubiri asubuhi. Visima vifupi vya mitaani havitafaa baada ya maji kupita juu yake, kwa kuwa vyoo navyo vilifurika palepale.

Njia za kusafisha maji zinabishaniwa sana, nami nitasema ninavyoona. Kuchemsha ni salama ila kunakula mkaa uleule tuliougombania hapo juu. Kuanika maji kwenye chupa angavu saa sita juani kunaua vimelea na hakugharimu kitu, lakini maji lazima yawe meupe, na siku za mawingu chupa inatakiwa kukaa siku mbili. Aprili ya Ifakara jua ni la kubahatisha. Kinachobaki ni vidonge vya klorini, vile vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa kwa bei ya chini. Maji yenye tope yatuame kwanza, yachujwe kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, ndipo dawa iingie, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mbegu za mlonge zilizotwangwa husaidia tope kutulia, ila haziui vimelea vyote, kwa hiyo kidonge kinabaki pale pale.

Na mtu akiharisha, chumvichumvi. Pakiti chache ziwepo ndani. Zikiisha, lita moja ya maji salama, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Zaidi ya hapo ni safari ya kituo cha afya.

Pesa ndogo inunue nini

Nimesema mengi yasiyohitaji pesa kwa makusudi. Pesa ikipatikana, inunue kile ambacho shamba halitoi. Shilingi 500 kila Jumapili kwenye kibubu kuanzia Julai hadi mwisho wa Februari ni kama shilingi 17,500. Hazitoshi kila kitu. Ningeanza na chumvi, maana haiozi na ni kitu cha kwanza kuadimika barabara ikikatika, kisha vidonge vya maji, miche ya sabuni, na betri au tochi ndogo ya sola. Kisha vitambaa au taulo za kike, ambazo wanaume wanaopanga akiba hawazitaji hata siku moja.

Chandarua mnacho, kibebeni. Naiweka sentensi hiyo peke yake kwa sababu ya historia ya mahali hapa. Miaka ya 1990 watafiti wa Ifakara, katika taasisi ambayo mbegu yake ilipandwa na Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950, waliendesha mradi wa kuuza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga kwa bei ambayo watu wangeimudu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la The Lancet yalionyesha uhai wa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne ukiongezeka kwa asilimia 27 kwa kutumia vyandarua hivyo. Siri yake haikuwa dawa peke yake. Mkulima wa bondeni, ambaye kila mtu humwambia hana mazoea ya kujiandaa, alitoa pesa yake kununua kinga ya balaa ambalo halijatokea, bei ilipokuwa ya saizi yake. Maji ya mafuriko yakituama, mbu huzaliana, na darasa lenye familia kumi bila chandarua ni mwanzo wa mwezi mbaya.

Akiba ya kubebwa ni begi la shule lililozeeka, linaloning'inia nyuma ya mlango. Ndani mna kadi za kliniki, vyeti vya kuzaliwa, vitambulisho vya NIDA, karatasi ya kiwanja, kadi ya bima. Tangu Juni 1, 2019 mifuko laini ya plastiki imepigwa marufuku, jambo jema kwa mitaro ya Ifakara, lakini watu wanauliza watazuiaje karatasi zisiloe. Chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, au kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko lililozungushiwa utepe, linatosha, karatasi huviringwa. Humo begini iwemo pepeta, kanga mbili, kisu, kipande cha sabuni, pakiti za chumvichumvi, na noti chache, maana mtandao ukikatika wakala wa simu naye hana la kufanya. Anayetumia dawa za kila siku, iwe za presha, sukari au za kufubaza virusi vya Ukimwi, aombe kituoni apewe za miezi kadhaa kabla ya masika. Kwa dawa za kufubaza utaratibu huo upo. Na simu ndogo, ile kitochi, ni bora kuliko simu janja usiku huo: chaji yake inakaa siku nyingi na ina mwanga. Namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Nani anafungua dumu?

Nimeacha jambo gumu kuliko yote. Kaya moja ikiwa na dumu la mchele na majirani saba wakiwa hawana, dumu hilo si la kaya moja. Bondeni huwezi kupika peke yako nyuma ya pazia la kanga darasani huku watoto wa jirani wakinusa. Hesabu yangu ya siku tisa inakuwa siku moja na kidogo. Wapo wanaosema ndiyo maana akiba haina faida. Mimi naona ndiyo maana haifai kuwa ya nyumba moja.

Vikoba viko kila mtaa wa Ifakara, vikundi vya watu hadi 30, wengi wao wanawake, wanaonunua hisa kila wiki na kuchangia mfuko wa jamii kwa ajili ya misiba na ugonjwa. Mfuko huo wa jamii ndio mlango. Kikundi cha watu 25 kikinunua magunia matano Julai, bei ikiwa chini, na kuyahifadhi kwa mwanachama mwenye nyumba imara mwinuko, hakuna mume anayeweza kuyauza, na kila mwanachama amechangia sehemu ya tano ya gunia tu. Masika yakipita salama, yanauzwa kabla mavuno mapya hayajashusha bei, na ongezeko lake linarudi mfukoni. Hasara inawezekana: bei isipopanda, au panya wakiingia. Kikundi kiamue hayo kwa mkutano na kuyaandika, hasa nani ana ufunguo na nani anaamua kwamba dharura imefika. Vikundi vingi havivunjwi na wizi, vinavunjwa na swali hilo la pili.

Serikali nayo ina nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inataka kamati za maafa kuanzia taifa hadi kata, kijiji na mtaa. Ni haki ya mkazi wa Lumemo kuuliza kwenye mkutano wa mtaa kamati yake ni akina nani, shule ipi ni ya kukimbilia, na nani ana ufunguo wa hayo madarasa Jumapili usiku. Kuimarisha kingo za mto, kuzibua mitaro, na kuzuia ujenzi kwenye mkondo si kazi ya kibubu cha mama yeyote, na makala ya akiba isitumiwe kuwasahaulisha wanaolipwa kuifanya.

Bonde hili liliwahi kuwa na chombo chake cha dharura, mtumbwi, na hata huo haukuwa wa bure. Mwanahistoria Jamie Monson ameandika jinsi sera za misitu na chakula za wakoloni kati ya 1920 na 1940 zilivyogusa uchongaji wa mitumbwi ya Kilombero, iliyobeba mpunga na watu. Baadaye kikaja kivuko, na Januari 2016 MV Kilombero II ikapinduka katika dhoruba. Tangu 2018 kuna daraja la mita 384 kuelekea Ulanga na Malinyi. Daraja linavusha mto mkubwa. Mtaani Lumemo, maji yakifika kiunoni, bado anayevusha wazee ni mwenye mtumbwi, na ni vizuri kumjua jina kabla.

Limebaki jambo la baada ya maji. Mafuriko yakiondoka Mei huacha unyevu unaotosha mahindi ya muda mfupi, kunde na mboga, na kaya yenye mbegu siku hiyo inakula kabla ya ile inayosubiri mgawo. Chupa ya nusu lita ya kunde za mavuno yako, kavu, iliyofungwa kwenye shingo ya dumu la mchele, haina uzito wowote. Mbegu za dukani zilizopakwa dawa ya rangi, mahindi ama mpunga wa SARO 5, zikae kwenye chombo chake mbali kabisa na chakula, kwenye kichanja kingine kama kipo. Wakati wa njaa mtoto hasomi kibandiko.